Kuchagua ndege Songwe (uwanja wa Mbeya)–Dar kwa safari ya kazi

Usianze na nauli. Anza na ratiba: shirika la ndege lina safari ngapi siku unayorudi? Lenye safari moja tu likiahirisha, unalala Dar. Lenye mbili linaweza kukuhamishia ya pili. Kwa mtu wa mikutano, hilo lina thamani kuliko punguzo lolote.

Pili, uliza gharama ya kubadili tarehe kabla hujalipa. Tiketi ya bei ya chini mara nyingi haibadiliki bure, na vikao vyetu tunavijua vinavyosogezwa.

Songwe kuna ukungu wa asubuhi, hasa msimu wa mvua. Ndege inayotoka Dar ikishindwa kutua, nawe huondoki. Kikao cha saa nne asubuhi Dar? Ondoka jana yake.

Ukiunganisha safari kwa tiketi mbili za mashirika tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu kwako wala halikungoji. Acha angalau saa nne katikati, au nunua tiketi moja. Ndege za pangaboi zina makabati madogo juu ya viti: kompyuta na nyaraka ziwe kwenye begi laini. Na ongeza nauli ya gari hadi mjini Mbeya, uwanja uko mbali.