Somo: Kulinganisha kifaa na kazi, nyumbani na jikoni

Wakuu, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Shambani sina ubishi nao. Ila kwa skrubu iliyoshika kutu, au kisu kilichopoteza makali, mchaguzi ndiye fundi. Somo hili lina machache ya kununua na mengi ya kutazama.

Hatua ya 1: Tazama kitu chenyewe kabla ya kufungua sanduku la vifaa

Wengi tunaanza kinyume. Tunachukua bisibisi iliyo karibu, kisha tunailazimisha skrubu iikubali.

Skrubu tunazoziita "za nyota" ziko za aina mbili ambazo jicho la haraka haliwezi kuzitofautisha. Ya kwanza ni Phillips, yenye msalaba mtupu; imeitwa hivyo kwa Henry F. Phillips, Mmarekani aliyepata hataza zake mwaka 1936. Ya pili ni Pozidriv. Hii ukiitazama vizuri utaona vistari vinne vyembamba vimechorwa kichwani, kimoja kati ya kila mikono miwili ya msalaba. Bisibisi ya Phillips huandikwa PH, ya Pozidriv huandikwa PZ, kisha namba ya saizi: 0, 1, 2, 3, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ncha inavyokuwa kubwa. Nyumbani PH2 na PZ2 ndizo zitakazokufaa mara nyingi zaidi.

Tatizo ni kwamba PH inaingia kwenye skrubu ya PZ bila kulalamika. Inaingia, inacheza, na ukikaza kwa nguvu inaruka na kuondoka na kingo za msalaba. Kwa hiyo kabla ya kuzungusha, ingiza ncha, kisha itikise kidogo. Ikicheza, badilisha. Kwa bisibisi bapa, ncha ijaze mfereji wa skrubu kwa upana na kwa unene. Nyembamba itapinda au itachana kingo, pana kuliko kichwa itakwaruza mbao iliyo pembeni.

Ukifungua skrubu ngumu, nguvu kubwa iwe ya kusukuma ndani, na ya kuzungusha iwe ndogo. Wengi hufanya kinyume.

Hatua ya 2: Nati na bolti

Namba iliyo kwenye spana ni upana wa kichwa cha nati, si unene wa bolti. Bolti ya M6, yaani yenye unene wa milimita 6, kwa kawaida inataka spana ya milimita 10, M8 inataka ya 13. Ukijua hizo mbili, kazi nyingi za vitanda, meza na baiskeli umezimaliza.

Ile spana inayopanuka, ambayo mafundi wanaiita spana malaya, si mbaya kama inavyosemwa, mradi uibane mpaka isicheze na uizungushe kwa upande ambao mzigo unaangukia taya isiyotembea. Nati ikiwa imeshika kutu, iache kabisa hiyo, tafuta spana ya soketi ya pembe sita. Ya pembe 12 hushika karibu na kona tu, na kona ndizo zinazoliwa kwanza. Plaizi ni ya kushika, kukunja na kukata waya. Kwenye nati haina kazi, ingawa najua hapa tutabishana.

Hatua ya 3: Kukata na kutoboa

Msumeno wa chuma huuzwa kwa idadi ya meno kwa inchi: 18, 24 au 32. Kanuni ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe yanagusa chuma kwa wakati mmoja. Bomba jembamba linataka 32. Ukitumia 18 meno yatanasa na kuvunjika. Meno yaelekee mbele, mbali na mpini.

Drili: ncha ya ukuta, ncha ya mbao na ncha ya chuma ni vitu vitatu tofauti. Mpigo wa nyundo, yaani drili inapogonga huku ikizunguka, ni wa ukuta peke yake.

Hatua ya 4: Jikoni

Hapa seti za visu kumi na tano ndizo zinazotupotosha. Visu vitatu vinatosha: kimoja kikubwa chenye ubapa wa karibu sentimita 20, kidogo cha sentimita 8 hadi 10 cha kumenyea na kutolea macho ya viazi, na kimoja cha meno kwa mkate na vyote vyenye ganda gumu na tumbo laini. Pesa iliyobaki iende kwenye kinoo.

Kinoo cha namba 1000 (namba ni ya ulaini wa chembe za jiwe) kinafaa kwa kisu kilichofifia lakini hakijapasuka makali. Pembe ya kunolea iwe kati ya nyuzi 15 na 20. Kuipata bila chombo: simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, kisha nusu tena, halafu kishushe kidogo zaidi. Vuta upande mmoja hadi uhisi kwa kidole, ukipapasa kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kijiukingo kinachokwaruza upande wa pili kisu kizima. Hapo geuza. Watu wanaolalamika kwamba jiwe halifanyi kazi mara nyingi wamegeuza mapema, kabla kijiukingo hakijatokea.

Ile fimbo ya chuma inayokuja na seti inanyoosha makali yaliyolala tu. Kisu butu hairudishi.

Na ubao wa kukatia uwe wa mbao au plastiki. Kioo na jiwe vinapendeza kwenye picha, ila vinalaza makali upesi sana. Kikaango kisichoshika kinataka mwiko wa mbao au silikoni, basi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimechelewa kusoma, skrubu yangu imeshaliwa kichwa. Nifanyeje?*

Pole mkuu. Weka kipande cha mpira bapa kati ya ncha na skrubu, sukuma sana, zungusha polepole. Ikikataa na kichwa kimejitokeza nje, chonga mfereji kwa msumeno wa chuma utumie bisibisi bapa. Mwisho kabisa ni kukitoboa kichwa chenyewe kwa drili kiachie.

*Kisu changu cha meno nakinoaje kwenye kinoo?*

Hakinoleki hapo dada, jiwe bapa halifiki kwenye mabonde ya meno. Kinataka fimbo nyembamba ya kunolea, bonde moja moja, kwa upande ule ulioinama tu. Upande bapa usiuguse, isipokuwa kufuta kijiukingo.

*Bisibisi yenye mpini wa plastiki inatosha kwa kazi za umeme?*

Hapana, kaka. Tafuta iliyoandikwa 1000 V, na shina lake limefunikwa hadi karibu na ncha. Hata ukiwa nayo, zima swichi kuu kwanza, kisha hakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika. Testa yenyewe ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme.

*Nimetoboa kigae kwa drili yangu kikapasuka. Ncha ilikuwa mpya.*

Nina hakika mpigo wa nyundo ulikuwa umewashwa. Uzime, tumia ncha ya vigae yenye umbo la mkuki, bandika utepe wa karatasi wenye gundi mahali pa kutoboa ili isiteleze, na uende mwendo mdogo. Ukishavuka kigae, badilisha uweke ncha ya ukuta; hapo sasa washa mpigo.

*Ule mpira wa kuzibulia sinki wenye mpini, wangu hauvuti kitu.*

Angalia tundu la juu la kutolea maji yanayozidi. Likiwa wazi, hewa inapita hapo na kazi yako yote inapotea. Lizibe kwa kitambaa kilicholowa, jaza maji yaufunike mpira, ndipo usukume. Kama umeshamwaga dawa ya kuzibulia, usitumie mpira kabisa, maana itakurukia machoni. Na wa chooni ni mwingine, una mdomo wa ziada unaoingia kwenye tundu. Kwenye sinki hauzibi vizuri.

*Mizani ya jikoni ni ya lazima? Mimi napima kwa kikombe miaka yote.*

Kwa maji na maziwa endelea na kikombe chako. Kwa unga, kikombe kilichoshindiliwa kinabeba mwingi kuliko kilichomiminiwa taratibu, kwa hiyo mkate wa leo na wa kesho hautafanana. Kama huoki, usinunue.