Namna ya Kupima Kama Mgeni Anaweza Kumiliki Reli ya Marekani

Kampuni ya Arusha au kikundi cha uwekezaji cha Moshi kinachotaka kuweka fedha katika reli za Marekani humuuliza wakili wake swali moja: je, sheria ya huko inamruhusu mgeni? Kwa msomaji aliyezoea reli ya Shirika la Reli Tanzania, ni vyema kukumbuka kwamba reli kubwa za mizigo za Marekani ni kampuni binafsi, na hakuna sheria ya jumla inayomkataza mgeni kuzimiliki. Mashirika ya ndege ndiyo yenye ukomo wa asilimia 25 ya kura kwa wageni, na meli za mizigo ya mwambao zinabanwa na Sheria ya Jones ya 1920, inayotaka wamiliki wake wawe hasa Wamarekani. Hata hivyo, wakili anayeishia hapo amefanya nusu ya kazi, kwa kuwa kinachopimwa katika reli ni udhibiti, yaani nani ana nguvu ya kuiamulia kampuni.

Anza kwa kuhesabu kura. Anayenunua hisa chache za CSX au Union Pacific, kampuni mbili kubwa za reli ya mizigo, kupitia dalali hahitaji kibali cha usalama, ila akivuka asilimia 5 analazimika kutoa taarifa kwa mamlaka ya masoko ya hisa. Hesabu hiyo isiishie kwenye hisa zilizoandikwa jina lake: mwaka 2008 mahakama ya New York iliamua kwamba TCI, mfuko wa London, ulikiuka wajibu wa kutoa taarifa pale ulipojijengea nafasi ndani ya CSX kwa mikataba ya kifedha iliyofuata bei ya hisa. BNSF, reli nyingine kubwa ya mizigo, usiitafute sokoni. Inamilikiwa yote na Berkshire Hathaway.

Kisha uliza kama mnunuzi tayari ana reli nyingine nchini humo. Akiwa nayo, anahitaji idhini ya Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu, STB, ambayo hutazama ushindani na maslahi ya umma. Fungua jalada FD 36500, la Canadian Pacific na Kansas City Southern, ulisome kwa utulivu. Kampuni mbili za Kanada, Canadian Pacific na Canadian National, ziligombea Kansas City Southern, reli ya Marekani. Agosti 2021 Bodi ilikataa mpango wa Canadian National wa kuziweka hisa kwa mdhamini huru wakati wa kusubiri uamuzi, na Machi 2023 ikamwidhinisha mpinzani wake, kwa masharti na uangalizi wa miaka 7. Kwa maoni yangu, hakuna ushahidi bora zaidi kwamba uraia peke yake hauamui lolote.

Mlango wa usalama ndio mgumu. Kamati ya serikali ya Marekani iitwayo CFIUS, inayopima kama uwekezaji wa wageni unahatarisha usalama wa taifa, iliyoanzishwa 1975 na kuongezewa nguvu kwa sheria ya 2018, huchunguza kwa siku 45, inaweza kuongeza siku 45 nyingine, kisha Rais ana siku 15 za kuamua. Angalia kama njia husika imo katika STRACNET, mtandao wa reli ambao Wizara ya Ulinzi inauhesabu kuwa muhimu kwa kusafirisha zana za kijeshi. Ikiwa imo, hata uwekezaji mdogo unaoambatana na kiti cha bodi au taarifa za kiufundi za siri unaweza kuchunguzwa. Na ikiwa mnunuzi anapata asilimia 25 ya kura au zaidi huku serikali ya nchi yake ikimmiliki kwa asilimia 49 au zaidi, tamko kwa CFIUS ni la lazima, siku 30 kabla ya kukamilisha ununuzi. Mfuko wa pensheni wa umma unaotamani reli ya aina hiyo usilisahau hili. Kanada na Uingereza zimo katika orodha fupi ya nchi zinazopewa nafuu, Tanzania haimo.

Mwisho, andika ndani ya mkataba kwamba malipo hayatafanyika kabla ya kibali cha CFIUS, na taja nani atabeba ada ya maombi, ambayo hupanda kufuatana na thamani ya ununuzi hadi dola 300,000. Kamati inaweza kuurudia ununuzi ambao haukuarifiwa hata baada ya kukamilika, na Rais anaweza kuamuru hisa ziuzwe.