Kredo imekatwa ovyo? Idai hivi

Kabla hujapanda matatu kwenda duka la mtandao wako Kisumu mjini, chunguza kwanza. Deni la kredo ya kukopa hukatwa pindi unapojaza, na bando likiisha data ikiwa imewashwa, simu hula kredo kimyakimya. Lakini shilingi 10 zikitoka kila asubuhi pamoja na ujumbe wa mpira au utabiri wa nyota, umeandikishwa huduma ya kulipia. Jiondoe, kisha dai pesa.

Piga picha ya skrini: tarehe, saa, salio kabla na baada. Ukipigia huduma kwa wateja, usikate simu bila namba ya lalamiko, la sivyo kila mhudumu atakuanzisha upya. Wakikuzungusha, lipeleke lalamiko hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.