Futa x, weka mabano matupu

Wadogo zangu wa kidato cha tano hapa Tabora mnaoanza kalkulasi: mkiambiwa mtafute f(2 + h), msikimbilie kupachika. Andikeni fankisheni upya, kila penye x pawe na mabano matupu. f(x) = x² − 3x inakuwa f( ) = ( )² − 3( ). Sasa jazeni: (2 + h)² − 3(2 + h), fungueni, mnapata h² + h − 2. Mabano yanailazimisha −3 izidishe 2 na h pia. Wengi huishia −6 + h, na maksi zinakwenda hapo. Ila fankisheni ikiwa ya vipande, yaani yenye kanuni tofauti kwa sehemu tofauti za x, chagueni kwanza kipande chenye namba yenu. Tena mabano hayawaonyi: 1/x mkiweka 0 yanapokea tu, wakati jibu halipo.