Mama wa mwaloni, hivi ndivyo unavyoingia kwenye uongozi wa mtaa

Wanawake tunaouza dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, tunashika hela za vikoba, tunasuluhisha ugomvi wa wadaiwa, na msiba ukitokea sisi ndio tunaopitisha daftari la michango. Huo ni uongozi tayari. Ila ukifika uchaguzi wa mtaa tunawapigia kura wanaume na kurudi kwenye chanja zetu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, kundi la wanawake, na dagaa sijaacha kuuza. Naandika kwa mwanamke wa Igogo, Mabatini, Kitangiri au Kayenze anayetaka kuwatumikia watu wake na hajui aanzie wapi.

Uchaguzi uliopita ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024 na muhula ni miaka mitano, kwa hiyo unaofuata ni 2029. Ukisubiri 2029 ndipo ujitokeze, umechelewa. Watu wanamchagua waliyezoea kumsikia, na mahali pa kusikika ni mkutano wa mtaa.

Piganieni kwanza saa ya mkutano. Ukiitwa Jumatano saa nne asubuhi, sisi tuko mwaloni, mama lishe wako jikoni, na mambo yanapitishwa na wazee pamoja na vijana wa kijiweni. Kwetu tulikwenda kinamama kadhaa kwa mwenyekiti, tukamwamkia, tukamweleza kwa adabu kwamba nusu ya mtaa haipo kila anapoita watu. Ukahamishiwa Jumapili saa kumi jioni. Tangu hapo uwanja unajaa khanga.

Pili, nenda na daftari. Andika tarehe, kilichoahidiwa na aliyeahidi. Mkutano unaofuata simama, uliza jambo moja tu, fupi: “Mheshimiwa mwenyekiti, tarehe fulani tuliambiwa hivi. Imefikia wapi?” Kisha keti. Usitukane, usilete ya nyumbani kwa mtu, usiongeze la pili. Na usiogope kuomba kusomewa mapato na matumizi. Ni haki ya kila mkazi, na anayeuza dagaa kwa debe na kwa gunia hashindwi kufuata hesabu ya michango ya ulinzi na usafi.

Nikupe mfano. Mtaa wetu uko mlimani, nyumba zimekaa juu ya mawe kama unavyoijua Mwanza. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku anashushwa mgongoni kati ya majabali, mvua imenyesha, jiwe linateleza, mmoja anatangulia na tochi ya simu. Miaka yote watu walilalamika, kila mtu mlangoni kwake. Tulichofanya ni kuandika. Tuliorodhesha sehemu mbaya kuanzia juu hadi barabara ya chini, tukahesabu ngazi zinazohitajika, tukamuuliza fundi saruji itakayotosha, tukaandika na kitakachotoka kwetu: mchanga, kokoto na nguvukazi. Karatasi hiyo ikasomwa mkutanoni, ikaingia kwenye muhtasari, mwenyekiti akaipeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kikao hicho diwani ndiye mwenyekiti wake, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Ombi lenye muhtasari wa mkutano linajadiliwa. La mdomo linaishia njiani. Kipande cha chini sasa kina ngazi na bomba la kushikia. Cha juu bado, na hatujanyamaza.

Ukishazoeleka, tafuta chama. Tanzania hakuna mgombea binafsi, lazima udhaminiwe. Chukua kadi mapema, lipa ada, hudhuria vikao vya tawi. Sifa nyingine ni za kawaida: uwe raia, umri miaka 21 au zaidi, mkazi wa mtaa huo, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe na shughuli halali ya kukuingizia kipato.

Hapo kwenye shughuli nakusihi uwe makini. Mwaka 2019, na tena 2024, wagombea wengi walienguliwa kwa kasoro za fomu. Wanawake wengi wakiulizwa kazi wanajibu “sina, niko nyumbani tu,” wakati wameamka saa kumi alfajiri kupokea mzigo kwenye mtumbwi. Andika: mchuuzi wa dagaa. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Usiache nafasi wazi. Piga nakala kabla ya kurudisha, na urudishe ukiwa na shahidi.

Kumbuka pia kwamba kadi ya mpiga kura ya uchaguzi mkuu haitoshi. Mtaa una orodha yake, na kujiandikisha ni siku chache. 2024 ilikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Zunguka na wenzako mwaloni kuwakumbusha, maana hapo ndipo kura zetu zinapopotelea.

Fedha nyingi huhitaji. Nyumba kwa nyumba, jioni, viatu vya kupandia mawe. Atakayekwambia mwanamke wa ziwani hawezi kusimama mbele za watu, mtajie Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Dunia wa Beijing 1995 na Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika kuanzia 2004.

Na likitokea hili, lisikutikise: mtu wa kukupitisha jina anataka mkutane gesti. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya kuzuia rushwa ya 2007. Tunza ujumbe aliokutumia, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, piga TAKUKURU namba 113. Kiti hakilipiwi kwa mwili wa mtu.

Ukishinda, anza na mikopo ya halmashauri. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimama 2023, ikarejea 2024. Vikundi vingi vya mwaloni vinakwama kwenye karatasi: katiba, usajili, akaunti ya benki. Keti nao jioni moja, mjaze pamoja, kisha uwapeleke mwenyewe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Namba yake, ya mtendaji na ya diwani ziandike ukutani sebuleni, ili mtu akigonga ukiwa mwaloni, mwanao ajue wa kumpigia.