Jinsi ya kujitengenezea DAC nyumbani kwa bodi ya PCM5102A na Raspberry Pi, hatua kwa hatua

Wakuu, kama una Raspberry Pi (kile kikompyuta kidogo cha bodi moja) imekaa tu ndani haina kazi, na una amplifaya au subufa yoyote yenye matundu ya waya nyekundu na nyeupe, basi nusu ya mtambo unayo tayari. Kilichobaki ni DAC, yani kile kipande kinachochukua namba za mziki ulio kwenye faili na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, ambao ndo amplifaya inauelewa. Simu na laptop zinayo ndani, ila mara nyingi imebanwa karibu na saketi zingine zenye makelele, ndo maana ukichomeka laptop kwenye amplifaya kubwa unasikia vile vimlio vya ziii kila ukisogeza mausi. Tukijenga yetu tunaitoa nje, tunaipa umeme msafi na waya fupi, na hapo mziki unatulia kabisa hata kama spika zako ni za kawaida.

Pi yenyewe usiitegemee kwa sauti. Pi 3 na Pi 4 zina tundu la hedifoni lakini ndani yake hakuna DAC ya kweli, ni PWM, pini inawashwa na kuzimwa haraka haraka afu inachujwa, na sauti yake inakwaruza hasa nyimbo zikiwa za chini chini. Zero 2 W na Pi 5 hazina hata hilo tundu.

Kabla ya kununua chochote shika hesabu hii moja maana ndo msingi wa kila kitu nitakachosema. Mziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, na kila sampuli ina biti 16, yani ngazi 65,536. Chipu yetu ikitoa sauti ya juu kabisa inafika volti 2.1 RMS (kipimo cha wastani cha umeme unaopanda na kushuka), ambayo kutoka kilele cha chini hadi cha juu ni kama volti 5.9. Gawa 5.9 kwa 65,536 unapata kama mikrovolti 90 kwa ngazi moja. Sasa chaja mbovu ikipenyeza kelele ya milivolti 1 tu kwenye waya wa sauti, imeshafunika ngazi 11 za mziki wako. Kwahiyo umakini wako, na hela yako kama ipo ya ziada, peleka kwenye umeme na graundi (waya wa volti sifuri, GND), chipu ya bei mbaya haikusaidii kama umeme ni mchafu.

Hatua ya 1: Vitu vya kukusanya

Bodi ya PCM5102A, ile ndogo ya zambarau yenye tundu la 3.5 mm, ni dola chache mtandaoni na maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo au Luthuli pale Nairobi ukiulizia unaweza kuipata. Chipu ni ya Texas Instruments. Ina ndugu wawili wanaofanana nayo kwa umbo, PCM5100A na PCM5101A, tofauti ni usafi (unapimwa kwa dB, namba kubwa ndo safi zaidi), 5100A ni dB 100, 5101A ni dB 106, na 5102A ni dB 112. Zote zitalia, ila ukilipia 5102A angalia maandishi juu ya chipu kwa kamera ya simu uikuze, usome mwenyewe.

Vingine ni Pi yoyote yenye pini 40, memori kadi, chaja nzuri ya volti 5 (kwa Pi 4 iwe ya ampia 3), waya za jampa, solda na risasi yake nyembamba, na mita. Mita usiiache. Ya bei rahisi inatosha bora ipige kengele waya zikigusana.

Hatua ya 2: Vidaraja vya nyuma ya bodi

Hapa ndo watu wengi wanakwama, wanaunganisha waya vizuri kabisa afu bodi iko kimya, wanasema mbovu wanaitupa. Bodi inaweza kuwa nzima kabisa, shida ni kwamba imekuja haijaunganishwa vidaraja.

Geuza bodi. Nyuma utaona makundi manne ya vidoti vitatu vitatu, yameandikwa namba 1 mpaka 4 na herufi H na L. Kidoti cha kati ndo mguu wa chipu, H ni kwenda juu yani volti 3.3, L ni kwenda chini yani graundi. Unatakiwa uunganishe cha kati na upande mmoja tu kwa tone dogo la risasi, hivi:

1, FLT: L. Hii ni chujio ya kawaida.
2, DEMP: L. Hii inazima kazi moja ya zamani ya CD za kale, huihitaji.
3, XSMT: H. Hii ndo muhimu kuliko zote, ni mguu wa kunyamazisha, ikiwa chini au ikining'inia tu chipu inanyamaza.
4, FMT: L. Inaiambia chipu lugha ya waya ni I2S, yani namna Pi inavyoitumia DAC data ya mziki.

Geuza tena mbele, karibu na pini ya SCK (saa kuu ya chipu) kuna vidoti viwili, viunganishe. Hapo umepeleka SCK graundi, na chipu ikiona SCK iko graundi inajitengenezea saa yake yenyewe kutoka kwenye BCK, yani waya wa mapigo ya biti. Pi haitoi hiyo saa ya SCK kwenye hizi pini tunazotumia, kwahiyo ukiacha SCK inaelea utasikia mikwaruzo, au isilie kabisa.

Kuchoma kwenyewe: solda iwe kama nyuzi 330 hadi 350, gusa vidoti vyote viwili kwa pamoja sekunde moja mbili vipate joto, ingiza risasi kidogo, toa risasi kwanza kisha solda. Tone zuri linang'aa na limelala kwenye vidoti vyote viwili. Likiwa duara limesimama juu kama punje ya mtama, halijashika, rudia.

Sasa chukua mita, weka kwenye kengele, bodi ikiwa haina umeme. Mguu mmoja GND mwingine FLT: ipige. DEMP: ipige. FMT: ipige. SCK: ipige. XSMT na GND: isipige. XSMT na A3V3: ipige. Mwisho VIN na GND, isipige kabisa, ikipiga una shoti na ukiwasha unaiua bodi na pengine Pi pia. Ni dakika mbili tu hizi, tafadhali usizikwepe.

Hatua ya 3: Waya tano

Pi iwe imezimwa na chaja imetolewa. Pini namba 1 ni ile ya kona iliyo mbali na matundu ya USB kwa Pi kubwa, ukigeuza bodi utaona solda yake ni ya mraba. Namba shufwa zote ziko mstari wa nje, witiri mstari wa ndani.

VIN kwenda pini 2 (volti 5)
GND kwenda pini 6
BCK kwenda pini 12
LCK kwenda pini 35
DIN kwenda pini 40

Angalizo kwenye DIN. Pini 38 ya Pi nayo kwenye michoro inaandikwa data ya kuingia, na mtu akiona DIN kwenye bodi anaona zinaendana anachomeka hapo. Hapana. Data ya kuingia kwenye DAC ni data inayotoka kwenye Pi, na inatokea pini 40.

Waya ziwe fupi, chini ya sentimita 10. Ule waya wa BCK ukiwa unabeba biti 32 kwa kila upande kwa mziki wa CD unapiga mara 2,822,400 kwa sekunde, na ukiuacha mrefu unajipindapinda unakuwa antena, unasumbua wenzake na wenyewe unasumbuliwa. Na usiupitishe juu ya tundu la sauti.

Washa Pi sasa, bila amplifaya. Pima A3V3 na GND, usome volti 3.3 au karibu sana na hapo. Ukipata 0 zima haraka urudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Softiwea

Weka Raspberry Pi OS Lite kwenye memori kadi kwa kutumia Raspberry Pi Imager, humo humo weka jina la waifai, paswedi na uwashe SSH (njia ya kuingia kwenye Pi kutoka kompyuta nyingine kwa mtandao), hutahitaji skrini. Ukishaingia andika:

sudo nano /boot/firmware/config.txt

Kama mfumo wako ni wa zamani kabla ya toleo la Bookworm faili liko /boot/config.txt. Tafuta mstari dtparam=audio=on uuwekee alama ya # mbele ili ule mziki wa PWM uzimike. Mstari wa dtoverlay=vc4-kms-v3d uongezee neno ili usomeke:

dtoverlay=vc4-kms-v3d,noaudio

hii inatoa sauti ya HDMI njiani. Afu chini kabisa ongeza:

dtoverlay=hifiberry-dac

Bodi yako sio ya HiFiBerry (kampuni inayotengeneza DAC za Pi), najua, ila ile DAC yao ya mwanzo inafanya kazi kwa namna hii hii ndo maana draiva inaikubali bila shida. Hifadhi, washa upya kwa sudo reboot, kisha:

aplay -l

Ukiona sndrpihifiberry umefaulu upande wa Pi. Lakini tuelewane hapa, hilo jina litatokea hata kama hujachomeka waya hata mmoja, maana I2S haina namna ya DAC kuijibu Pi. Kwahiyo usiseme DAC imesomwa mpaka usikie sauti.

Chomeka amplifaya, sauti yake iwe chini kabisa, kisha:

speaker-test -D plughw:CARD=sndrpihifiberry -c 2 -t wav

Utasikia sauti ikitaja kushoto na kulia kwa Kiingereza. Kama kulia kunatokea kushoto geuza waya nyekundu na nyeupe kwenye amplifaya. Kusimamisha bonyeza Ctrl na C.

Kuna kitu kinawashtua wengi, ukifungua alsamixer haina sehemu ya kupandisha sauti. Ni kawaida, hii chipu haina volyumu ndani, inatoa sauti kamili muda wote. Ndo maana nimesema amplifaya iwe chini. Na lile tundu la 3.5 mm lisikudanganye ukachomeka hedifoni moja kwa moja, hiyo ni sauti ya kwenda kwenye amplifaya, hedifoni za omu 32 ni mzigo mzito mno kwake, sauti inaharibika.

Kwa kupiga mziki mimi natumia MPD, programu ya kupiga mziki inayoongozwa kwa mtandao, ni nyepesi hata Zero inaibeba:

sudo apt install mpd mpc

Kwenye /etc/mpd.conf weka:

audio_output {
type "alsa"
name "DAC"
device "hw:CARD=sndrpihifiberry"
mixer_type "software"
}

Restati kwa sudo systemctl restart mpd, nyimbo ziweke /var/lib/mpd/music, afu mpc update, mpc add / na mpc play. Kwenye simu weka programu yoyote ya MPD uongoze ukiwa umekaa, ila kwenye mpd.conf hiyo hiyo bind_to_address iwe "any", vinginevyo simu haitaiona. Volyumu ya MPD iache 100 utumie kitasa cha amplifaya, maana ukipunguza kwa softiwea unapunguza zile ngazi tulizohesabu pale juu. Asiyetaka kuandika amri aweke Volumio au moOde (mifumo ya mziki ya Pi iliyo tayari), achague HiFiBerry DAC kwenye orodha, imeisha.

Hatua ya 5: Kuua mvumo

Ukisikia mmmm hata mziki ukiwa umesimama, iwashe Pi kwa pawabanki badala ya chaja. Mvumo ukiisha, tatizo ni chaja au graundi mbili zinazozunguka, Pi ina njia yake ya kwenda ethi na amplifaya ina yake. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, toa HDMI ya TV kama ipo, toa waya wa LAN utumie waifai. Ikigoma kabisa nunua kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha graundi kinachotumika kwenye redio za magari, kinakaa katikati ya waya za RCA, zile nyekundu na nyeupe. Kuna mafundi watakushauri ukate mguu wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. USIKATE. Mvumo utaisha kweli, ila siku transfoma ya amplifaya ikivuja, bodi nzima ya chuma inakuwa na volti 230 na atakayeigusa anaweza kufa.

Kama badala ya mvumo ni sauti inakatika katika, andika vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0 umeme unatosha. Likiwa namba nyingine, mara nyingi ni chaja au waya wa chaja mwembamba, badilisha waya kwanza.

Hatua ya 6: Boksi

Boksi la plastiki la umeme la ukutani linatosha. La chuma linazuia kelele vizuri ila linaziba waifai ya Pi, labda uweke DAC peke yake kwenye chuma. Toa matundu ya RCA nje kwa waya wenye ngozi ya ndani, chukua sauti kwenye pini za kutoa sauti za kushoto na kulia na graundi ya pembeni yake, sio graundi ya VIN, na bodi ikae mbali na kona ya antena ya waifai. Toboa matundu ya hewa juu na chini, Pi inapata joto. Ukishafunga, washa Pi kwanza mpaka itulie ndo uwashe amplifaya, na kuzima ni kinyume chake, amplifaya kwanza, kisha sudo poweroff, subiri taa ya kijani iache kupepesa ndo uchomoe.