Eti tuma moja urudishiwe mbili: jinsi ya kuwashtukia wagawa kripto wa mitandaoni

Watu wengi wakikutana na tangazo la kugawa kripto (sarafu za kidijitali kama bitcoin) wanajiuliza swali moja tu, "hivi hii akaunti ni yake kweli?", wanaangalia tiki ya bluu, wanaangalia wafuasi, wakiridhika wanatuma hela. Sasa hapo ndo wanapopigwa, maana hilo swali hata ukilijibu vizuri halikusaidii kitu. Tarehe 15 Julai 2020 akaunti za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates, Elon Musk mpaka kampuni ya Apple zilianza kuposti maneno yanayofanana, nitumie bitcoin nikurudishie mara mbili, na zilikuwa akaunti zao zenyewe na tiki zao zenyewe, sio feki! Wadukuzi waliwapigia simu wafanyakazi wa Twitter wakajifanya watu wa IT wa humohumo ndani, wakapata pa kuingilia. Mpaka inazimwa watu walishatuma zaidi ya dola 100,000, na kinara wa mchezo wote alikuja kuonekana ni dogo wa miaka 17.

Kwahiyo achana na nani kaposti, angalia hela inatoka kwa nani inaenda kwa nani. Anayetaka kukupa haitaji umtumie kwanza, na wakikwambia "tuma kidogo tuhakikishe anwani yako" ujue ni uongo mtupu, kripto inapokelewa kwa anwani peke yake (ule mstari mrefu wa herufi na namba, kama namba ya akaunti), unaikopi unampa basi, hakuna cha kuhakikisha. Na ukishatuma imeenda, hakuna benki ya kuipigia simu irudishe muamala.

Sehemu wanayolizwa wengi siku hizi ni laivu za YouTube. Wanaiba chaneli ya mtu yenye wafuasi kibao, wanabadilisha jina na picha, halafu wanarusha mahojiano ya zamani ya tajiri fulani au video ya AI yenye sauti yake kabisa, pembeni kuna msimbo wa QR. Hata jeshi la Uingereza liliibiwa chaneli Julai 2022 ikarushwa video ya Musk. Mimi kuna moja niliiacha inacheza makusudi nikiwa na kazi zangu, baada ya muda jamaa akakohoa na kugeuka kushoto vilevile kama mwanzo, kumbe ni kipande kilekile kinajirudia! Nikafungua na linki yao, kuna jedwali la watu "wanaopokea" linapanda kila sekunde, na chini imeandikwa zimebaki kidogo sana wahi, nikarifreshi ukurasa zile zilizobaki zikarudi pale zilipoanzia 😂. Jaribu na wewe (bila kuunganisha waleti yako, yaani ile app unayotunzia kripto, kokote tafadhali), ni picha tu ile, hakuna muamala hata mmoja.

Na kuna kipimo ambacho ni vigumu wao kukichezea. Kopi anwani wanayotaka utume, nenda kwenye tovuti za kusomea miamala kama Etherscan kwa Ethereum (kripto nyingine kubwa), au Blockchain.com kwa bitcoin, ipesti pale usome. Kama kweli wanarudisha mara mbili basi aliyeingiza 0.5 utaiona 1 inatoka kwenda kwake, si ndio? Unachokuta ni vihela vya watu tofauti vinaingia vinaingia, halafu vyote vinabebwa kwa mkupuo kwenda anwani nyingine. Dakika 2 tu hiyo kazi. Ukikuta anwani haina muamala wowote usijipe moyo, ni mpya tu, wanabadilisha kila mara.

Komenti wala usizisome, wanaoshukuru "nimepokea asante" ni walewale. Na yule anayejibu chini kabisa ya posti ya staa kwa jina na picha ya staa, mara nyingi kabadilisha herufi moja tu, kaweka l ndogo pale penye I kubwa, kwa macho huoni.

Wengine wameshashtuka kwamba watu wameshajua habari ya "tuma", sasa wanasema usitume kitu, unganisha tu waleti ubonyeze kupokea. Hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza, maana unachobonyeza ni ruhusa ya wao kuchota tokeni zako, yaani sarafu zilizomo kwenye waleti. Soma kile kidirisha cha waleti kabla ya kukubali, wewe unapokea sasa ruhusa ya kutumia tokeni zako ya nini? Au wanakupa msimbo wa zawadi, unajisajili kwenye tovuti yao unaona una bitcoin kadhaa, ukitaka kutoa unaambiwa weka kwanza kiasi fulani kufungua akaunti. Ile salio ni namba imeandikwa kwenye kioo, hata mimi naweza kukuandikia. Na yale maneno 12 au 24 ya siri yanayofungua waleti haombwi mtu popote duniani ili apewe zawadi, akiyaomba mbloku hapohapo.

Kama umeshabonyeza ile ruhusa, ifute haraka (kuna tovuti ya Revoke.cash kwa kazi hiyo) na kilichobaki hamishia waleti mpya. Kama umetoa maneno ya siri kufuta ruhusa hakusaidii, fungua waleti nyingine yenye maneno mengine uhamishe kila kitu sasahivi. Kama ulituma kutoka kwenye soko la kripto waandikie na ile namba ya muamala, ripoti polisi, piga skrinshoti zote kabla posti haijafutwa. Halafu kaa macho, maana ukilalamika tu hadharani kwamba umeibiwa, ndani ya muda mfupi anakuja mtu inboksi anasema ni mtaalamu wa kurudisha kripto zilizoibiwa, ana ushuhuda na kila kitu, ila kuna ada kidogo inabidi utangulize.